Mwandishi Hulipwaje? Tuzifuate Shilingi 800 za Kitabu

Kila KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, inapotangaza vitabu teule vipya vya fasihi, mabaraza ya Mombasa hugeuka ofisi za wahasibu. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, siku hizi ni zaidi ya laki tisa. Kitabu ni kama shilingi mia tano. Laki tisa mara mia tano ni milioni mia nne na hamsini, na kabla kahawa haijapoa, mwandishi ameshajengewa ghorofa Nyali. Yeye mwenyewe huenda wakati huo amesimama kwenye feri ya Likoni akiwaza karo ya watoto.

Wapo na wa upande wa pili, ambao wakisikia kijana anaandika riwaya humwambia atafute kazi, maana kitabu hakilipi hata senti na wachapishaji wote ni wezi. Kambi hizi mbili hazisikizani, lakini zinafanana kwa jambo moja: hakuna hata mmoja wao aliyeusoma mkataba wa uchapishaji. Pesa za mwandishi zimo humo, tena hupatikana au hupotea katika vifungu viwili vitatu ambavyo waandishi wenyewe huvitia sahihi wakiwa na furaha ya kukubaliwa kitabu.

Tuanze na maneno. Hakimiliki ni haki ya kuamua nani anaruhusiwa kunakili maandishi, kuyauza, kuyatafsiri, kuyaigiza au kuyatangaza. Mchapishaji ni kampuni inayogharimia muswada hadi ukawa kitabu na kukipeleka sokoni. Watu wengi humchanganya na mpiga chapa, yaani mwenye mashine, ambaye hulipwa ujira wake hata kama nakala zote zitabaki ghalani. Mrabaha ni fungu la pesa linalomwendea mwandishi kwa kila nakala iliyouzwa. Malipo ya awali ni mrabaha uliotangulizwa kabla kitabu hakijauzwa.

Ukiyaweka maneno hayo pamoja utaona jambo ambalo mabaraza hayalisemi: mwandishi halipwi kwa kuandika. Anaweza kukaa miaka mitano na muswada na hakuna anayedaiwa chochote. Analipwa kwa kuruhusu.

Mtu wa Mombasa hana haja ya wakili kulielewa hili, kwa sababu anaujua mpango wa nyumba na ardhi. Majengo na Kisauni, nyumba nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya ardhi isiyokuwa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba kanunua mawe, saruji na mabati kwa pesa zake, kapangisha vyumba, na kodi za vyumba ni zake. Lakini kiwanja kina mwenyewe, naye hulipwa kodi ya ardhi, ndogo ukiilinganisha na zile za vyumba. Basi maandishi ndiyo ardhi, kitabu ndicho nyumba, na mrabaha ndiyo kodi ya kiwanja. Mwandishi hakutoa pesa ya saruji, ndiyo maana fungu lake ni dogo. Na mchapishaji hakuinunua ardhi, ndiyo maana hawezi kufanya juu yake kila analotaka. Isipokuwa, bila shaka, awe ameuziwa, na hilo tutalifikia.

Asilimia 10 ya nini?

Chukua riwaya inayouzwa shilingi 800 kwenye duka la vitabu la Moi Avenue. Nambari hizi ni za mfano, ila biashara yenyewe ndivyo inavyokwenda. Duka halikuinunua kwa 800. Lilipewa punguzo, tuseme asilimia 30, kwa hiyo mchapishaji anapokea 560. Katika hizo 560 analipa mpiga chapa, mhariri, mpanga kurasa, msanii wa jalada, ghala, gari la kuteremsha mzigo kutoka Nairobi, mishahara ya mawakala wanaozunguka mashuleni, na nakala za bure wanazogawiwa walimu ili wazitie macho. Kisha anamlipa mwandishi. Mrabaha wa kawaida kwetu ni asilimia 10, na mwandishi mwenye jina anaweza kuuvuta hadi 12.5 au 15.

Sasa swali ambalo kila mwandishi mpya angepaswa kulipatia kipaumbele kuliko rangi ya jalada: asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni ya bei ya jaladani, anapata shilingi 80 kwa nakala. Ikiwa ni ya pesa zilizomfikia mchapishaji, anapata 56. Mkataba wa kwanza utaandika "bei ya rejareja", wa pili utaandika "mapato halisi", na tofauti ya maneno hayo mawili kwa nakala 2,000 ni kati ya shilingi 160,000 na 112,000. Elfu arubaini na nane zimekwenda na hakuna aliyeiba. Zilisainiwa.

Hapo bado serikali haijanyoosha mkono. Sheria ya VAT ya 2013 iliviingiza vitabu kwenye ushuru wa asilimia 16. Kama ndani ya zile 800 mna ushuru huo, bei yenyewe ya kitabu ni kama 690, na ile 56 yako inateremka hadi 48. Halafu mrabaha ukilipwa, mchapishaji ana wajibu wa kukata kodi ya zuio na kuipeleka KRA, mamlaka ya ushuru: asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, asilimia 20 kwa asiye mkazi. Kuna waandishi wanaodhani mchapishaji amewakata kwa hila. Hapana, hiyo ni sheria, nawe una haki ya kudai stakabadhi yake.

Malipo ya awali nayo huwapoteza watu. Mwandishi akipewa shilingi 50,000 siku ya kutia sahihi, mtaa mzima husema amelipwa kitabu. Pesa hizo ni mrabaha wake mwenyewe umetangulizwa. Kwa shilingi 56 kwa nakala, itabidi ziuzwe nakala 893 ndipo deni liishe, na hapo ndipo shilingi mpya itaanza kuhesabiwa. Uzuri wake ni kwamba kitabu kikidoda, kwa kawaida mwandishi harejeshi kitu. Hasara inabaki kwa mchapishaji. Wachapishaji wetu hawatoi malipo ya awali kwa wingi, na wanapoyatoa huwa madogo, kwa hiyo ukisikia habari za mwandishi wa Marekani aliyetangulizwa mamilioni, jua kwamba soko lake ni jingine.

Kuna pia suala la subira. Mrabaha hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, ukiambatana na taarifa ya mauzo. Nakala nyingi hupelekwa madukani kwa mali kauli: duka linachukua, linauza, kisha ndipo linalipa, na zisizouzwa zinarudi. Ndiyo maana mwandishi anaweza kuona kitabu chake kimejaa rafu za Nkrumah Road mwezi wa Februari, na taarifa ya mwaka ikaja na nakala arubaini. Zile za rafuni bado si mauzo. Taarifa yenyewe mara nyingi ni karatasi moja yenye nambari tatu, na mkataba mzuri humruhusu mwandishi kutuma mhasibu kukagua vitabu vya hesabu. Kifungu hicho hakigharimu chochote kukiomba, nacho humfanya mtu aandike nambari kwa uangalifu zaidi.

Na milionea wa vitabu teule?

Turudi kwenye laki tisa. Kwanza, wanafunzi laki tisa hawanunui vitabu vipya laki tisa. Ndugu mdogo hurithi cha kaka, shule huwa na nakala za kugawana dawatini, na wezi wa kuchapa nakala bandia hutokea mwezi ule ule orodha inapotangazwa. Pili, tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Wenye maduka ya vitabu walilia sana, na kilio chao kilikuwa cha haki, lakini kwa mwandishi athari ni hii: bei ya zabuni iko chini mno ya ile ya dukani, na asilimia yake hupigwa juu ya bei hiyo ndogo.

Tuseme serikali imenunua nakala 300,000 kwa shilingi 200 kila moja. Asilimia 10 ni shilingi 20, mara laki tatu ni milioni sita, na KRA ikichukua yake zinabaki milioni tano na laki saba. Sikatai, hizo ni pesa. Wengi wetu hatujawahi kuzishika kwa mpigo mmoja. Ila si milioni mia nne na hamsini, huenda zikaja kwa mafungu, na serikali ikichelewa kumlipa mchapishaji, mwandishi naye hungoja. Orodha ikibadilika, kitabu kinaanguka kutoka laki tatu hadi nakala mia chache kwa mwaka.

Tena hapo nimemzungumzia mwandishi wa riwaya au tamthilia peke yake. Katika diwani ya hadithi fupi, mara nyingi kila mchangiaji hulipwa mara moja tu, siku hadithi yake inapokubaliwa, na mrabaha huwaendea wahariri waliokusanya. Unaweza kumkuta mtu ambaye hadithi yake imetahiniwa nchi nzima miaka minne, na alichopata kinatosha kununua simu. Vitabu vya kiada ndivyo usiseme. Jaladani mna majina matano ya walimu. Kitabu cha shilingi 300 kikitoa mrabaha wa 30, kila mwalimu ana shilingi sita.

Mtunzi wa kuagizwa

Pwani ina njia nyingine ya kumlipa mtunzi, ya kale kuliko kampuni yoyote ya vitabu. Sheria ya kwanza duniani ya kumpa mwandishi haki juu ya maandishi yake ilipitishwa Uingereza mwaka 1710. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, aliishi baada ya sheria hiyo bila kuihitaji, akafariki 1840. Alikuwa karibu na watawala Wamazrui, mashairi yake yalikwenda mdomo kwa mdomo, na malipo yake yalikuwa heshima na ukaribu huo. Mashairi hayo yalikuja kuchapishwa kuwa kitabu Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja kamili baada ya kifo chake.

Mtindo wa kumwendea mtunzi na kumwagizia haujafa. Mtu ana harusi, anataka utenzi wa kumuusia bi harusi. Mgombea kiti anataka mashairi ya kampeni. Mwimbaji wa taarabu anataka maneno. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba tungo nyingi za binamu yake Ahmad Nassir, na msikilizaji wa kawaida hukumbuka sauti akamsahau aliyeyapanga maneno. Kisheria hao ni watu wawili wenye haki mbili: mtunzi juu ya maneno, mwimbaji juu ya uimbaji wake. Redio ikiupiga wimbo, kila mmoja ana fungu lake, na vyama vya kukusanya mirabaha ya muziki vimewekwa kwa ajili hiyo.

Lakini hapa pana shimo ambalo washairi wetu wengi hawalijui, nami naona ndilo jambo muhimu kuliko yote katika makala haya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Mtu anabisha hodi kwako Kibokoni, anakuomba wimbo, mnakubaliana shilingi elfu kumi, mnapeana mkono, mnakunywa chai. Katika macho ya sheria huenda umeuza ardhi nzima. Wimbo ukivuma, ukaingia kwenye tangazo la biashara, ukachapishwa kitabuni, huna cha kudai. Dawa yake ni ndogo mno: karatasi ya mistari mitatu inayosema hakimiliki inabaki kwa mtunzi, mteja ameruhusiwa kuutumia kwa shughuli fulani, na sahihi mbili. Watu huona haya kuandikishana na jamaa. Haya hiyo ina bei.

Kanuni hiyo hiyo inamhusu mwajiriwa. Mwandishi wa habari aliye kwenye mshahara, afisa wa mawasiliano wa kaunti, mwandishi wa matangazo wa hoteli: wanachokiandika kazini ni mali ya mwajiri mpaka mkataba useme vingine. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kila makala naye hana budi asome masharti, kwani magazeti mengi huchukua haki zote na kulipa mara moja.

Kuuza moja kwa moja si ujinga siku zote, lazima niseme. Kuna mtu anayehitaji pesa leo, na kuna maandishi ambayo hayatakuwa na soko kesho. Mwongozo wa mtihani utakaobadilika baada ya mwaka mmoja, uuze ulale. Riwaya uliyoihangaikia ujana wako wote ni habari nyingine. Ila sheria inakulinda kwa jambo moja: kuuza hakimiliki, au kumpa mtu mmoja pekee ruhusa ya kuitumia, hakufai mpaka kuwe kwa maandishi yenye sahihi yako. Kwa kazi ambayo hukuagizwa, neno la mdomo halihamishi.

Kujichapishia

Kujichapishia si jambo geni mjini humu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, akaandika alichotaka bila kumngoja mchapishaji wa bara. Leo mwandishi anaomba ISBN, nambari ya kukitambulisha kitabu, kutoka Maktaba ya Kitaifa, KNLS, anatafuta mpiga chapa, na mauzo anayapokea kwa M-Pesa.

Hesabu yake huvutia kwa haraka. Nakala 500 kwa shilingi 250 kila moja ni 125,000. Ukiuza 600, kila nakala ina faida ya 350, na ukiilinganisha na zile 56 za mchapishaji unajiona ulikuwa mtumwa. Polepole. Lazima uuze nakala 209 ndipo urudishe pesa ya kuchapa, na hizo ni 209 za mkononi, uso kwa uso, kwenye harusi, msikitini, kanisani, kazini. Ukipitia dukani na punguzo la asilimia 30, unapokea 420 na unahitaji nakala 298. Hatujamlipa mhariri bado, na vitabu vingi vya kujichapishia husomeka kama havikumlipa. Hapa mwandishi amekuwa mwenye ardhi na mwenye nyumba kwa pamoja: kodi zote ni zake, na paa likivuja ni lake pia. Kwa mtu mwenye wasikilizaji tayari, imamu, mhubiri, mwalimu anayejulikana, mtangazaji, njia hii hulipa vizuri kuliko mchapishaji yeyote. Kwa asiyejulikana, katoni hukaa chini ya kitanda.

Kuuza kupitia mtandao wa Amazon kunasifiwa kupita kiasi. Ndiyo, wanatangaza mrabaha wa asilimia 70, lakini kwa kitabu cha kielektroniki chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 na kwa wanunuzi wa nchi walizozitaja, na Kenya haimo. Nje ya hapo ni asilimia 35. Na kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kodi maradufu, mauzo ya huko Marekani hukatwa asilimia 30 kabla hayajakufikia. Kwa mwenye wasomaji wa Kiswahili waliotawanyika ughaibuni ni nyongeza nzuri. Kwa kulipia nyumba, sivyo.

"Lakini kitabu ni changu, nimekinunua"

Ni kweli. Karatasi ni yako. Unaweza kukisoma, kukiazima, kukiuza, kukifungia maandazi. Usichokuwa nacho ni haki ya kutengeneza nakala nyingine, kama vile mpangaji wa chumba hawezi kumega ukuta akajenga chumba cha kwake uani. Mwalimu anayetoa fotokopi ya riwaya nzima kwa darasa la wanafunzi 50 amewanyima watu wawili riziki, na kwa kawaida amefanya hivyo kwa nia njema. Kenya kuna chama cha KOPIKEN kilichoundwa kukusanya ada za fotokopi kutoka taasisi na kuwagawia waandishi na wachapishaji. Nendeni mkaulize kwenye vibanda vya kutoa kopi karibu na vyuo kama wamewahi kukisikia.

PDF za WhatsApp ndizo zinazotetewa kwa nguvu zaidi. "Tunamtangaza," husema wasambazaji. Kutangazwa ni jambo jema kwa mtu anayeuza kitu kingine, mwanamuziki mwenye tamasha kwa mfano. Riwaya haina tamasha. Aliyekwisha kuisoma bure hana sababu ya kuinunua, na mchapishaji anayeona nakala 300 zimeuzwa kwa mwaka hatachapa toleo la pili, hata kama kitabu kimo ndani ya simu elfu kumi.

Wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wale waliotandaza chini kando ya barabara, hulaumiwa bure. Nakala waliyo nayo ilishanunuliwa mara moja na mwandishi akapata fungu lake wakati huo. Hapati tena ikiuzwa mara ya pili, na hakuna aliyemdhulumu. Wa kuangaliwa ni yule mwenye nakala kumi mpya za kitabu kimoja, karatasi nyepesi, wino unaofifia, nusu ya bei.

Maktaba je? Kwetu mwandishi hulipwa kwa nakala ambayo maktaba imenunua, basi, hata ikiazimwa na watu mia. Uingereza wana sheria ya tangu 1979 inayomlipa mwandishi kila kitabu chake kinapoazimwa, senti chache kila mara, na kwa mwaka hapewi zaidi ya pauni 6,600. Pesa hizo hutoka kwa serikali, msomaji halipi. Nchini mwetu hakuna mfuko wa namna hiyo.

Zipo na tuzo, ambazo kwa mwandishi wa Kiswahili mara nyingine ndizo pesa nzito pekee atakazoziona. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa 2014 ikiwa na zawadi za jumla ya dola 15,000. Ukizigawa hizo kwa shilingi 56 za nakala utajua ni vitabu vingapi. Lakini tuzo ni bahati, na historia yake ina vituko. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa na serikali ya Jomo Kenyatta mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa. Diwani aliyoiandika gerezani ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Uvumi mmoja wa mwisho kabla ya mirathi: kwamba usiposajili kazi yako huna hakimiliki. Haki inazaliwa pale unapoyaandika maneno mahali, karatasini au kwenye simu. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi, na cheti chake husaidia sana mkifikishana mahakamani kubishana nani alianza, lakini si cheti kinachokupa haki. Kujitumia muswada kwa posta na kuacha bahasha bila kuifungua, ushauri ambao bado unatolewa, ni kupoteza stempu. Wala wazo tupu halina mwenyewe. Ukimsimulia rafiki kisa barazani akakiandika kwa maneno yake, huna kesi.

Kinachobaki mwandishi akifa

Hakimiliki ya maandishi nchini Kenya hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada yake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Aliyefariki Machi 2026, haki yake inaendelea hadi tarehe 31 Desemba 2076. Wajukuu watakula. Ndiyo maana mashairi ya Muyaka ni ya kila mtu leo, na ya malenga aliyefariki juzi si ya kuchapwa na yeyote anayependezwa nayo.

Familia nyingi haziliorodheshi jambo hili. Marehemu akiwa Mwislamu, warithi huenda Mahakama ya Kadhi na kugawa nyumba, shamba na akaunti ya benki, thumni ya mjane ikatolewa vizuri, na mikataba ya vitabu ikabaki kwenye faili kabatini kwa kuwa hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Ni mali, na hugawanywa kwa mafungu yale yale. Mchapishaji hawezi kumtumia pesa mtoto aliyepiga simu akasema yeye ndiye mkubwa. Anahitaji hati ya mahakama inayotaja warithi, nambari zao za KRA, na akaunti moja au maelekezo ya kugawa. Mpaka hapo mrabaha hukaa kwenye vitabu vyake ukingoja. Kwa hiyo mwenye mzazi aliyewahi kuandika kitabu, hata kile kidogo cha sarufi cha miaka ya sabini, na afungue lile faili, aangalie kama mkataba unasema asilimia au malipo ya mara moja, kisha amwandikie mchapishaji barua ya kuomba taarifa za mauzo za miaka iliyopita. Kampuni ikiwa ilinunuliwa na nyingine, mikataba nayo kwa kawaida ilihamia huko, na barua inapelekwa kwa mwenye nyumba mpya.